Dawa na Saa Yake

Juma hili tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wa Kolwezi huulizana mara nyingi wanapotoka kituo cha afya na mfuko wa vidonge mkononi. Je, dawa hii imezwe asubuhi au jioni? Kabla ya kula au baada ya kula? Na mtu afanyaye kazi usiku, asubuhi yake ni ipi?

Wako wasemao kwamba saa si kitu, dawa ni dawa. Wako na wengine waliosikia kwamba dawa ya shinikizo la damu, ile tunayoiita dawa ya tansyo, ina nguvu maradufu ikimezwa usiku, nao wamebadili saa zao bila kumwuliza mganga. Pande zote mbili zina sehemu ya kweli, na pande zote mbili zaweza kumdhuru mgonjwa. Basi, tulipime jambo lenyewe polepole.

MWILI UNA SAA YAKE

Kila mkulima ajua kwamba viumbe havingoji kengele. Jogoo huwika kabla jua halijaonekana. Ule mmea mdogo uitwao kifauwongo, ambao hukunja majani ukiguswa, huyakunja pia usiku na kuyafunua mchana. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa namna hiyo mahali pa giza, usione jua kabisa. Majani yaliendelea kufunguka na kufumba kwa wakati wake. Maana yake ni kwamba mmea ule haukuwa ukifuata jua tu, bali ulikuwa na kipimo cha wakati ndani yake.

Nasi wanadamu tu hivyo hivyo. Mfano ufuatao wataufahamu upesi wale walioshuka katika mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto. Tarehe 16 Julai 1962 kijana wa Kifaransa, Michel Siffre, aliingia ndani ya pango katika milima ya Alps bila saa ya mkononi. Alikaa humo miezi miwili, akila alipoona njaa na kulala alipoona usingizi. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ya kuwa ni tarehe 20 Agosti tu. Akili yake ilikuwa imepoteza siku 25. Lakini wenzake waliokuwa juu, ambao aliwapigia simu kila alipoamka na kila alipotaka kulala, walikuwa wakiandika nyakati zote. Ikaonekana kwamba mwili wake haukupotea hata kidogo: ulizunguka, kulala na kuamka, kwa muda wa saa 24 na nusu hivi. Akili ilidanganyika, mwili ulihesabu.

Saa kubwa ya mwili imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Ni fungu dogo la chembe hai zipatazo 20,000. Mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha kila siku. Tena ini, moyo, figo na viungo vingine vina saa zao ndogo, na hizo hufuata si mwanga tu bali pia wakati wa kula. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya uganga kwa sababu ya kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe. Waliichunguza katika vinzi vidogo vinavyopenda matunda yaliyoiva. Tusidharau vidogo.

MCHANA NA USIKU SI SAWA

Kwa ajili ya saa hiyo, mtu wa asubuhi si yule wa jioni. Joto la mwili hushuka chini kabisa kabla ya mapambazuko, hupanda kidogo kidogo, nalo hufika juu jioni. Shinikizo la damu hupungua mtu alalapo na kupanda tena aamkapo. Mwaka 1985 waganga wa Marekani walionyesha kwamba mishtuko ya moyo huanza zaidi kati ya mapambazuko na adhuhuri kuliko saa nyingine. Pumu nayo hubana zaidi mwishoni mwa usiku. Na hapa kwetu, katika baridi ya mwezi wa Juni, penye vumbi la barabara na moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kila mama mwenye mtoto wa pumu aijua saa hiyo bila kufundishwa.

Vilevile mwili hutengeneza dawa yake wenyewe iitwayo kortisoli, nayo hufika juu wakati wa kuamka. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeandikiwa vidonge vya jamii hiyo, kama predinisoloni, kwa kawaida huambiwa avimeze asubuhi baada ya kula. Kumeza wakati huo ni kufuata njia ambayo mwili wenyewe umekwisha kuipita. Akivimeza usiku, mara nyingi hukosa usingizi. Tena mtu aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafula, kwa maana mwili uliozoea kusaidiwa huwa umesahau kujitegemea.

UGONJWA NAO UNA ZAMU YAKE

Hapa Afrika tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa magonjwa yetu mengi yana saa zake.

Mfano wa kwanza ni matende. Mganga wa Kiskoti, Patrick Manson, alipokuwa akifanya kazi Amoy, katika nchi ya Uchina, alipima damu ya wagonjwa mchana na usiku. Mwaka 1879 akaeleza jambo la ajabu: vijinyoo vya matende, ambavyo mchana havikuonekana katika damu, vilitokea baada ya jua kutua, vikawa vingi kabisa karibu na usiku wa manane, kisha vikajificha tena kulipokucha. Vilikuja damuni wakati ule mbu wanapouma, ili wachukuliwe. Mwaka 1881, huko London, mganga Stephen Mackenzie alimfanya mgonjwa mmoja alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vijinyoo navyo viligeuza zamu, vikaonekana mchana. Ndiyo maana wapimaji wa matende huja kuchukua damu usiku, na watu wasiojua huwaona kama wachawi. Katika sehemu nyingine za nchi yetu uko mnyoo mwingine, loa, ambao vijinyoo vyake huonekana mchana, kwa sababu nzi wanaoueneza huuma mchana. Damu ya mtu huyo ikipimwa usiku, ataambiwa hana kitu, naye anacho.

Mfano wa pili ni malaria. Vijidudu vyake vikali hukua ndani ya damu kwa muda wa saa 48 hivi, kisha hupasua makao yao. Na vikipasua pamoja, homa hupanda. Mwitaliano Camillo Golgi aliueleza uhusiano huo wa homa na kupasuka kwa vijidudu karibu na mwaka 1886. Mbu wanaovileta huuma zaidi usiku wa manane hata alfajiri, na kwa hiyo chandarua ni dawa inayomezwa, kama tukiruhusiwa kusema hivyo, saa ile ile inapotakiwa.

Wazazi na wazingatie hapa. Dawa ya malaria iliyochanganywa, artemeta na lumefantirini, hutolewa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8, si kesho yake. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Nayo hutaka chakula chenye mafuta ili iingie vema mwilini: bukari na sombe yenye mafuta ya mawese, au uji wenye maziwa kwa mtoto. Dozi zile zimepangwa ili kuvifuata vijidudu kila mahali vilipofikia katika kukua kwao. Mama anayeona homa imeshuka siku ya pili na kuvificha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ya mwezi ujao, amevipa vijidudu ruhusa ya kuzaa tena.

Mfano wa tatu, nao watuhusu sana Wakongo, ni malale. Ugonjwa huu huletwa na ndorobo, na wazee wetu waliuogopa kuliko chui. Ulipewa jina la usingizi, lakini kweli yenyewe ni nyingine. Mgonjwa wa malale halali sana kupita wengine. Analala mchana na kukesha usiku, saa zake zimevurugika. Mwaka 2018 wataalamu wa Lisbon na wa Dallas walieleza kwamba saa ya ndani ya panya walioambukizwa ilikwenda mbio kuliko kawaida. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameonyesha kwamba hata kijidudu chenyewe kina saa yake: dawa ya zamani iitwayo suramini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, ilikiua kwa urahisi zaidi katika saa fulani kuliko saa nyingine. Hayo yalikuwa majaribio ya maabara, wala hayajageuzwa kuwa sheria ya hospitali.

Lakini vita dhidi ya malale imepata ushindi mwingine mkubwa. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 waliandikwa katika nchi yetu peke yake. Tangu mwaka 2018 wanaoandikwa ulimwenguni kote hawafiki 1,000 kwa mwaka, ingawa sehemu kubwa yao bado ni Wakongo. Zamani mgonjwa aliyefikwa na malale ubongoni alidungwa sindano ya melasoproli, dawa yenye sumu iliyoua kama wagonjwa 5 katika kila 100. Mwezi wa Desemba 2018 nchi yetu iliidhinisha vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa zaidi hapa hapa Kongo. Humezwa mara moja kila siku kwa siku 10. Sharti lake ni moja: vimezwe baada ya kula, wala siku hata moja isirukwe. Tazameni, hata dawa mpya kabisa inategemea sahani ya chakula na uaminifu wa jamaa za mgonjwa.

WAGANGA WAMEPIMA NINI?

Basi, ikiwa mwili una saa na ugonjwa una saa, je, haifai kila dawa iwe na saa yake? Wataalamu wengi walitumaini hivyo, na baadhi yao walifanikiwa. Mwaka 1997 Mfaransa Francis Lévi na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 186 wa kansa ya utumbo. Wale waliopewa dawa kwa kufuata saa za mwili walipata vidonda vya kinywa vikali mara chache sana kuliko wale waliopewa dawa kwa mwendo mmoja mchana na usiku, na uvimbe wao ulipungua zaidi. Lakini jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 564, lililotangazwa mwaka 2006, halikuonyesha kwamba njia hiyo inarefusha maisha ya wote. Wanaume walionekana kufaidika. Wanawake walionekana kupata hasara. Kwa hiyo saa iliyomfaa mume siyo lazima imfae mke.

Na dawa ya tansyo? Mwaka 2019 wataalamu wa Hispania walitangaza kwamba katika watu 19,084, wale waliomeza dawa wakati wa kulala walipata mishtuko ya moyo na kupooza kwa uchache mno kuliko waliomeza asubuhi. Habari hiyo ilienea duniani, na bila shaka ndiyo iliyofika hata Dilala na Manika. Wataalamu wengine waliitilia shaka, wakasema matokeo ni mazuri kupita kiasi. Wakajaribu upya. Waingereza waliwafuata watu 21,104 kwa muda uliozidi miaka 5, na mwaka 2022 wakatoa jibu: waliomeza jioni na waliomeza asubuhi hawakutofautiana kwa maana. Mwaka 2025 Wakanada, waliowafuata watu 3,357, walisema vivyo hivyo.

Twajifunza nini? Kwamba kwa watu walio wengi, saa bora ya kumeza dawa ya tansyo ni ile ambayo hawataisahau. Aliyezoea asubuhi, ashike asubuhi. Aliyeambiwa na mganga wake ameze jioni kwa sababu fulani, amtii. Anayehama kutoka asubuhi kwenda usiku kwa kusikia uvumi, kisha akapitiwa na usingizi mara tatu kwa juma, hakuongeza nguvu ya dawa, ameipunguza.

NYUMBA YA MFANYAKAZI WA USIKU

Tumefika sasa mahali panapotuuma sisi wenyewe. Mji wetu haulali. Makapi ya madini yaliyorundikwa Kingamyambo kwa miaka mingi yalianza kuoshwa upya na kiwanda cha Metalkol mwaka 2018. Mashimo ya migodi yamewashwa taa usiku kucha. Walinzi, madereva, wauguzi na wachimbaji hupishana njiani, huyu anakwenda, huyu anarudi. Baba wa namna hiyo amewaambia macho yake kwamba usiku ni mchana, lakini saa yake ya ndani haiamini upesi. Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, baraza la uchunguzi wa kansa la Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya usiku katika orodha ya mambo ambayo yaelekea kusababisha kansa. Hatusemi hivyo ili watu waache kazi, maana watoto wanakula kwa kazi hiyo. Twasema ili ajulikane kuwa mtu huyo amebeba mzigo, na asaidiwe kuubeba.

Kwanza, amwambie mganga juu ya zamu zake. Mganga anayeandika "asubuhi" hudhani mtu anaamka asubuhi. Dawa za kukojoza, ambazo hupewa wenye tansyo au moyo mchovu, huwekwa asubuhi ili mgonjwa asikatiziwe usingizi. Kwa mtu alalaye mchana, neno "asubuhi" ni kumpa dawa hiyo kitandani. Yeye huenda akatakiwa kuimeza aamkapo alasiri. Na hilo aliamue mganga, si jirani.

Pili, mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari kuliko wote. Insulini, na vidonge kama glibenklamidi, hushusha sukari hata kama mtu hajala. Baba aliyezoea kumeza kidonge pamoja na chakula cha asubuhi, akabadilishiwa zamu, akakimeza kisha akalala bila kula, aweza kuzimia usingizini, na mke wake asijue kwa kudhani amechoka. Na akizimia akiwa juu ya lori kubwa la mgodi, hatakufa peke yake. Zamu ikibadilika, mpango wa dawa uangaliwe upya siku ile ile, kabla ya kazi. Na mkewe ajue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, maneno yasiyoeleweka. Mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza, apewe sukari au soda tamu mara moja. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitalini upesi.

Tatu, mchana wake uheshimiwe kama usiku. Dirisha lifunikwe kwa kitambaa kizito, redio ipunguzwe, watoto wacheze kwa jirani, wageni waje jioni. Usingizi huo si uvivu wa baba. Shangazi anayekuja kubisha hodi adhuhuri na kusema "Bado amelala tu?" afahamishwe kwa upole.

SAA MBILI YA NANI?

Liko jambo moja dogo, nalo laweza kuleta hasara kubwa. Tunaishi kati ya hesabu mbili za saa. Dereva aliyetoka Dar es Salaam asemapo "saa mbili usiku", ana maana ya 20h. Mtoto wetu aliyejifunza kusoma saa kwa Kifaransa husikia 2h, wakati nyumba nzima imelala. Kati ya hizo mbili pana saa sita. Nyanya anayetunzwa na mjukuu, na dawa iliyoletwa na ndugu kutoka mashariki, waweza kukutana hapo na kupotezana.

Dawa ya kosa hilo haina gharama. Mwambie muuguzi aandike juu ya mfuko namba zisizo na shaka, 8h na 20h. Kwa asiyesoma, achore jua linalochomoza na mwezi. Kisha unganisheni dawa na jambo ambalo nyumba haiwezi kulisahau: kupiga mswaki, chakula cha jioni, sala ya kulala.

Mwisho tuwakumbusheni. Dawa ya malaria ifuate saa zake hadi kidonge cha mwisho. Predinisoloni imezwe asubuhi, dawa ya sukari iende na chakula, dawa ya tansyo isikose siku. Anayefanya kazi usiku aseme waziwazi kwa mganga. Na mtu yeyote asihamishe saa ya dawa kwa sababu ya neno alilolisikia sokoni. Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungueni mfuko wa dawa wa nyumba yenu, msome kila karatasi iliyomo, na palipo na shaka wekeni alama. Kesho mwulizeni muuguzi.